Mizani ya Ekseli

Sisi wapenzi wa tungo tumezoea kuhesabu. Mshororo wa tarbia una mizani 16, nane huku na nane huku, na sikio lililozoea huikataa ya 17 kabla kidole hakijaifikia. Sikutazamia kwamba mazoea hayo yangenifaa mbele ya baiskeli.

Baiskeli yenyewe ni Peugeot ya mbio ya miaka ya 1970, aliyoinunua marehemu ami yangu Marseille alipokuwa baharia. Katika safari zake zote, kilichobakia ni hicho. Nilipoirithi, ekseli ya pedali ilikuwa imelika, gololi zimeichimba mashimo. Ekseli hii haionekani. Imejificha ndani ya bomba fupi la chini yanapokutana mabomba ya fremu, nayo ndiyo ibebayo nguvu zote za miguu.

Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hiyo kabla sijazaliwa, alinitolea ekseli na vikombe vya Kiingereza. Akazungusha kikombe kwa vidole, kikashika hesi mbili.

“Inaingia, mwanangu.”

“Inaingia, mzee, lakini si yake.”

Hatari iko hapo, maana Mfaransa na Mwingereza wamekaribiana mno. Bomba la kila mmoja lina upana wa milimita 68. Kikombe cha Kifaransa kina kipenyo cha milimita 35, na hesi zake zimeachana milimita 1. Cha Kiingereza ni inchi 1.37, yaani kama milimita 34.8, hesi 24 kwa kila inchi. Kisichofaa kabisa hujikatalia mlangoni. Kinachokaribia kufaa huingia, kisha spana ikikilazimisha hula hesi za fremu. Isitoshe, kikombe cha kulia cha Mwingereza hukazwa kwa kuzungushwa kushoto, cha Mfaransa kwa kuzungushwa kulia.

Ncha za ekseli nazo zina hila yake. Ni za pembe nne na zimesongoka kwa nyuzi 2, ziwe za kipimo cha Kijapani, JIS, au cha ISO. Mteremko ni mmoja, ila ncha ya JIS ni nene zaidi. Mkono wa pedali uliochongwa kwa ISO ukivishwa JIS husimama nje zaidi kwa kadiri ya milimita 4.5. Kwa macho utasema umekaa; mnyororo unaokwenda upande ndio utakaokanusha.

Mzee alishauri tuchonge hesi mpya za Kiingereza. Si ushauri wa kubeza, mafundi wengi hufanya hivyo na baiskeli zikatembea. Mimi niliona vikombe vya zamani ni vizima, basi tutafute ekseli peke yake, na ile iliyolika iwe kielelezo: urefu wote, nafasi baina ya njia za gololi, unene wa ncha, na kwamba upande wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto.

Binamu yangu aliyeko Ufaransa akaniletea moja iliyotolewa kwenye baiskeli kuukuu. Mzee aliilaza kando ya ile ya ami, akaipima mara mbili, akanyamaza, akachukua grisi. Akapanga gololi 11 kila upande. Kikombe cha kulia tulikikaza wawili kwa nguvu zetu zote, kwani upande huo hesi za Kifaransa hulegezwa na mwendo wenyewe wa pedali.