Faili Kubwa, Njia Nyembamba

Nilipoanza kazi ya ofisi mjini Garissa, ukubwa wa kipande cha faili haukuwa jambo la kuchagua. Disketi ilibeba megabaiti 1.44, basi. Ripoti yenye picha ilibanwa kwa WinRAR, programu ya Mrusi Eugene Roshal, ikakatwa vipande vya kuenea kwenye disketi moja moja. Kila disketi iliandikwa nambari kwa kalamu, kisha bahasha ikakabidhiwa utingo wa basi la Nairobi, safari ya kilomita kama 370. Disketi moja ikigoma kusomeka, mfululizo mzima ulikatikia hapo.

Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kutoka baharini, magazeti yakashangilia kasi. Sisi huku tulikuwa na modemu iliyochomekwa kwenye kompyuta na mtandao uliokuja ukipenda. Basi likaachia kazi barua pepe, na kipimo kikabadilika: sasa kikomo kilikuwa cha kiambatisho. Hapo nilijifunza kwamba kikomo cha megabaiti 25 si 25. Faili likiambatishwa hugeuzwa kuwa herufi ili lipite, na hunenepa kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo kipande salama kilikuwa cha megabaiti 17 au 18.

Ukame wa 2011 ulituletea kazi isiyoisha. Wakimbizi walimiminika kambini Dadaab kutoka Somalia, na makao makuu ya ofisi yetu yalitaka picha za mabwawa yaliyokauka na orodha za familia zinazopokea msaada. Orodha zilibanika vizuri mno. Picha karibu hazikupungua, kwa sababu picha ya JPEG imeshabanwa tangu ndani ya kamera. Kwa picha, tulichokuwa tukifanya ni kufungasha na kukata tu. Niliongeza kwenye kila fungu ile akiba ya ukarabati ambayo WinRAR huiweka ukiomba: asilimia chache za ukubwa, lakini kipande kilichoumia kidogo njiani kiliweza kutengenezwa kikishafika. Vipande vilipakiwa usiku, mtandao ukiwa mwepesi, na asubuhi simu ililia: "Ndugu yangu, ya saba imekataa kufunguka." Nilituma ya saba peke yake, wala bando halikuumia.

Flashi zilipojaa madukani nilidhani kukata kumekwisha. Kumbe flashi ya gigabaiti 16, tupu kabisa, ilikataa video ya gigabaiti 5. Nyingi ziliandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4. Watu waliotuletea video za harusi walidhani wameuziwa flashi bandia. Tulizikata video vipande viwili viwili, zikaingia.

Leo mkongo wa taifa umefika Garissa, na video nzima hupanda mtandaoni mtu akinywa chai. Lakini kukata hakujaisha, kumehamia tu ndani ya mashine. Programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni huyakatakata zenyewe na kuyaunga upya bila kutuuliza. Ni raha mpaka inapokwama kwenye asilimia 97: huoni kilichofika wala kilichopotea, na mara nyingine huna ila kuanza upya.

Ndiyo maana wenzangu walio Wajir na Mandera bado nawakatia kwa mkono. Huko wapiganaji wa Al-Shabaab wameshalipua minara ya simu mara kadhaa, na mnara ukianguka, eneo zima hukaa kimya mpaka mafundi wafike, nao hawafiki bila ulinzi. Vipande vidogo vyenye nambari humwezesha mtu kujua alipoishia. Vilivyobaki atavipakua mtandao ukirudi, au atavipokea kwa flashi ya msafiri wa kwanza anayekwenda upande ule.