Aliyeulizwa ni Nani?



Wapendwa, juma hili tuliitazama filamu ya Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yaenda taratibu, nayo yataka subira. Yasmin, msichana wa Unguja ya miaka ya 1950, ameozwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Anaikimbia nyumba ile, kisha anampenda Denge, kijana mpigania uhuru.

Ni rahisi kumhukumu. Uzinzi ni dhambi, wala hatuutetei. Lakini kabla ya harusi, nani alimwuliza Yasmin? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1103, yasema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ni batili.

Huku kwetu, kati ya Kilosa na Mikumi, tumewahi kumwandikisha binti aliyejibu kila swali akimtazama baba yake. Tukaiandika "ndiyo" ile, tukaitangaza Dominika tatu. Hatukumwita kando. Twaungama kosa hilo.

Wazazi, msiwajibie watoto wenu. Tangu sasa tutamwuliza kila mchumba peke yake, nanyi mtasubiri nje.

Mungu awabariki.