Wanne Kifo, Peke Yako Kifo!

Jamani, nimemaliza daftari zima la hesabu, lile la visanduku, kwa mchezo mmoja! Aliubuni Mwingereza John Conway, ukatangazwa mwaka 1970. Kila kisanduku kina majirani wanane. Chenye uhai kikipakana na hai wawili au watatu, kinaishi. Mmoja au hakuna, upweke unakiua. Wanne kwenda juu, msongamano. Kitupu chenye majirani hai watatu kamili kinapata uhai.

Nikaweka alama tano tu, zinazofanana na herufi r. Wacha we! Zikatawanyika, zikafa, zikazaliana. Kwa kompyuta hazitulii mpaka hatua ya 1,103, zinabaki 116. Mimi penseli iliniishia hatua ya 20 hivi.

Kilichonichoma ni wale wanne. Chumbani kwetu Manzese tunalala watano, yaani kila mtu ana majirani wanne. Kwa Conway tumekwisha! Nikamwonyesha bi mkubwa, maana nilishaanza kutafuta geto langu.

Akalitazama daftari weee. "Na huyu aliye peke yake, mwanangu?"

"Huyo hatua inayofuata hayupo, mama."

Akacheka. Kisha akaniuliza kodi ya hilo geto ni shilingi ngapi.