Siku Nne Bangkok, Sehemu ya Pili: Siku Mwanangu Alipoacha Kukojoa

 Sehemu ya kwanza niliwasimulia tulivyofika Bangkok, foleni ya kuonyesha kadi ya njano pale uwanja wa ndege, na nguo za Pratunam ambazo baba watoto alikuja kufunga mzigo wake. Wengi mkaandika, "Nesi, acha nguo, tuonyeshe mahekalu." Nitawaonyesha. Ila siku ya mahekalu ndiyo siku niliyofanya kosa ambalo kila wiki nawagombeza wengine kwa kulifanya, kwa hiyo vumilieni, vitu viwili vitakwenda pamoja.

Siku ya pili tuliamka mapema. Ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa nne, na mwezi wa nne ndio kilele cha joto kule. Mimi nikajisemea, joto gani la kunitisha mtu wa Dar? Mwanangu ana miaka minne, nikamvalisha jinzi na shati la mikono mirefu, maana nilisoma kwamba Kasri la Kifalme hawaruhusu mabega wala magoti wazi. Mimi dira langu na mtandio, sikuwa na wasiwasi. Picha zilikuwa zinaningoja.

Tukapanda treni ya juu mpaka Saphan Taksin, pale unashuka tu ngazi unaikuta gati ya boti. Mto unaitwa Chao Phraya, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na boti zinapita kama daladala: inagusa gati, kondakta anapiga filimbi, ukizubaa umeachwa. Mwanangu alifurahi jamani! Akataka maji. Nikampa funda mbili, nikafunga chupa. Nikamwambia, "Usinywe mengi baba, huku hatujui vyoo viko wapi."

Shikeni hapo hapo.

Sentensi hiyo sikuitunga mimi. Wewe uliyekulia safari za mabasi ya mkoani unaijua. Mama anakununulia mahindi ya kuchoma, mayai, korosho, kila kitu chenye chumvi, halafu maji unanyimwa kwa sababu basi halisimami ovyo na konda ana maneno. Tumekua tukiamini kumnyima mtoto maji safarini ndiyo akili ya mama. Nimesoma diploma miaka mitatu, nimefanya kazi wodi ya watoto, na bado mdomo ulifunguka wenyewe ukatoa maneno ya stendi.

Basi, tukafika Kasri la Kifalme. Lilianza kujengwa mwaka 1782, mji wenyewe wa Bangkok ulipofanywa makao ya mfalme. Kiingilio ni baht 500 kwa mgeni mkubwa, mtoto ambaye hajafika sentimita 120 anapita bure. (Njiani mtu mmoja mwenye bajaji, wao wanaita tuk-tuk, alituambia leo kumefungwa, twende atuzungushe kwingine kwa bei ya chee. Hakujafungwa, atakupeleka kwenye maduka ya vito. Nyoosha mpaka langoni uone mwenyewe.) Ndani ni dhahabu, vigae vya rangi, sanamu za majitu yenye meno ya kutisha. Ile sanamu ya Buddha wa Zumaridi nilidhani itakuwa kubwa kama mnara, kumbe ni ndogo tu, sentimita 66 hivi, imekaa juu kabisa, na ndani hupigi picha, unavua viatu na kukaa kimya. Pazuri sana. Ila uwani ni mawe matupu, kivuli cha kuhesabu, na watu wamebanana. Jua linapiga kichwani, mawe yanarudishia miguuni.

Tulikaa humo saa mbili na zaidi. Nilipiga picha mpaka simu ikapata moto. Mwanangu alianza kulalamika, nikampa biskuti. Akalia anataka kubebwa, baba yake akambeba. Akanyamaza. Nikafurahi kwamba amenyamaza! Nesi mzima.

Kutoka hapo tukatembea mpaka Wat Pho, kwa Buddha aliyelala. Huyo ni mkubwa kweli, urefu mita 46, kwenda juu mita 15, na nyayo zake zimenakshiwa kwa magamba ya chaza yanayong'aa. Nyuma yake kuna bakuli 108 zimepangwa, watu wanadondosha sarafu moja moja, ting, ting, ting, mwendo mzima. Nikamshusha mtoto nikampa sarafu, nikijua atapenda. Akazishika tu. Hakudondosha hata moja. Aliniangalia kwa macho yale ambayo mama unayajua, yapo lakini yamechoka, akaanza kulia, na machozi hayakutoka.

Hapo ndipo nesi alipoamka ndani yangu. Nikamuuliza baba yake, "Mara ya mwisho amekojoa saa ngapi?" Akasema, hotelini, saa kumi na mbili asubuhi. Nikatazama simu: saa saba na dakika kumi mchana. Saa saba mtoto hajakojoa, na ndani ya zile saa nne juani amekunywa funda mbili za maji na biskuti kavu. Nikamgusa shingoni, wa moto. Nikaangalia mdomo, mate yanavutika kama gundi. Nikamuuliza jina lake, akanijibu, akanitajia na jina la bibi yake. Asingejibu, au angeongea vitu visivyoeleweka, au angelegea kabisa au kupata degedege, nisingekaa pale hata dakika moja. Hiyo ni hospitali moja kwa moja, na huku njiani unaendelea kumpoza kwa maji. Namba ya gari la wagonjwa kule ni 1669, niliiandika kabla ya safari, hilo angalau nilifanya.

Tukatoka chini ya mti. Nikamvua shati na jinzi, mtu wa sheria za mavazi anisamehe. Mtandio wangu nikaulowesha nikamfuta shingo, makwapa, mapajani, baba yake akawa anampepea kwa ramani. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anafagia akaja mbio na feni ndogo ya mkononi na taulo lenye barafu. Akatoa na kile kichupa chao cha kunusa, cha mentholi, karibu kila mtu kule anacho, akataka kumwekea mtoto puani. Nikaweka mikono yangu pamoja kifuani kama wanavyoamkiana, nikatikisa kichwa kwa adabu. Dawa kali za kunusa si za pua ya mtoto mdogo, iwe kule au ya kopo huku kwetu. Yule mama hakukasirika. Aliendelea kupepea. Sikujua hata kusema asante vizuri.

Nilimpa maji, akayanywa kwa pupa, akatapika yote. Kosa langu tena, nilimwachia chupa. Mtoto akitapika subiri dakika kumi, halafu anza na kijiko, kijiko kimoja, unapumzika, kijiko kingine. Baba yake akakimbilia duka la dawa kutafuta ORS. Na hapa sikilizeni mnaosafiri: pakiti zao si kama zetu. Ya kwetu wengi tumezoea inachanganywa kwenye lita moja. Ile aliyoleta ilikuwa ya mililita 250. Ningeichanganya kwa mazoea ya nyumbani ingekuwa maji matupu, na ukifanya kinyume inakuwa chumvi ya kumdhuru mtoto. Tena mfamasia alimwonyesha aina mbili, moja ya wanaoharisha na nyingine ya wanamichezo, yenye sukari nyingi. Chukua ya kwanza. Soma pakiti, na tumia maji ya chupa iliyofungwa.

Hesabu ninayotumia wodini kwa mtoto aliyeanza kukaukiwa ni mililita 75 kwa kila kilo, kwa saa nne. Wangu ana kilo 16, kwa hiyo 1,200. Tukachukua teksi yenye kiyoyozi, nikakaa kitandani hotelini na kikombe na kijiko, kuanzia saa nane. Wat Arun ng'ambo ya mto, ambako ungevuka kwa kiboti kama unakwenda Kigamboni, tuliiacha. Baba yake hakunilaumu. Alisema tu, "Lakini si wewe ulisema asinywe?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi.

Saa kumi na moja na nusu jioni akasema, "Mama, kojo." Nilimpeleka mwenyewe nikasimama kuangalia. Mkojo mchache, wa njano iliyokolea kama chai ya rangi. Saa mbili usiku akakojoa tena, mwingi, mweupe. Nililia chooni, na sijaona aibu kuwaambia.

Siku ya tatu tulitoka saa kumi jioni, kaptula, kofia, chupa mbili, dafu la baridi kila kona tuliyoliona. Choo tuliuliza kila mahali, na kila mahali kilikuwepo. Alikojoa mara sita, nilihesabu. Wat Arun tulifika jua likizama, na picha ninayo moja tu. Mwanangu hayumo. Alikuwa chooni na baba yake.