Jina Ambalo Halikuchongwa Kwenye Jiwe

Bustani ya Hyde Park, katikati ya jiji la London, ina ukubwa wa zaidi ya hekta 140. Mfalme Henry wa Nane aliitwaa ardhi hiyo mwaka 1536 iwe mawindo yake, na mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza akaifungua kwa watu wote. Ziwa lake refu, Serpentine, si la maumbile; lilianza kutengenezwa mwaka 1730 kwa kuuziba mto.

Tulipokwenda kumtembelea dada yangu aishiye huko, tulishinda humo kutwa. Watoto walitazama mabata. Adhuhuri tukatandika mkeka chini ya mti, tukaswali, kisha tukala sambusa.

Alasiri tulifika kona ya kusini mashariki, penye kumbukumbu za vita. Ile ya wanajeshi wa mizinga, ya mwaka 1925, ina sanamu ya maiti ya askari aliyefunikwa koti lake. Hatua chache kutoka hapo zipo nguzo nne za mawe, zilizozinduliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 2002, kuwaenzi watu milioni tano wa Bara Hindi, Afrika na Karibea waliojitolea kuipigania Uingereza katika vita vikuu viwili. Darini mwa kibanda kilicho kando yameandikwa majina ya waliotunukiwa nishani za juu za ushujaa. Mmoja wao ni Khudadad Khan, Mwislamu wa Punjab, ambaye mwaka 1914 huko Ubelgiji aliendelea kupiga bombomu yake hata wenzake wote walipokwisha kuuawa.

Binti yangu akauliza, "Baba, na la babu yetu wa Kilwa liko wapi?"

Baba wa babu yangu alichukuliwa mwaka 1917 kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Hakujitolea, alikamatwa akitoka shambani, wala hakurudi. Wapagazi kama yeye walikuwa mamia ya maelfu, na wengi waliokufa waliuawa na maradhi na njaa, si risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi chao. Mwaka 2021 tume itunzayo makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa Wazungu, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi.

Nikamjibu, "Hapa halipo, mwanangu."

"Mwenyezi Mungu analijua?"

"Analijua, na la baba yake pia."

Hata hivyo, kujua kwa Mola hakutuondolei sisi wajibu. Katika ukoo wetu amebaki shangazi mmoja tu anayeitaja nasaba ile bila kusita. Tuliporejea nyumbani, binti yangu aliketi naye akaandika daftarini majina ya vizazi saba, ili tukiwaombea dua marehemu wetu tuwataje mmoja mmoja.

Ndugu msomaji, waulize wazee wako wangali hai. Mawe ya kuchongwa yana wenyewe. Daftari halimshindi mtu.