Saa Ndogo Pembeni mwa Ujumbe

Katika simu yangu upo ujumbe mmoja ambao sijaufuta. Ni tangazo la maziko, la maneno yasiyozidi thelathini, na saa iliyoandikwa humo si saa tuliyozika. Niliuandika mwenyewe usiku wa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nikiwa nimeketi barazani mwa msikiti wetu baada ya Swala ya Isha, na kwa sababu yake mzee mmoja alikosa kumsalia mdogo wake wa tumbo moja.

Wengi watazikumbuka siku zile. Mikongo ya intaneti ipitayo chini ya bahari ilikuwa imekatika upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, yetu ikiwemo, zikabaki na mtandao wa kubahatisha. Simu za kawaida ziliita, ujumbe mfupi wa maandishi ulikwenda, ila WhatsApp ilikuwa kama imelala usingizi. Nalitanguliza hili ili nisije nikadhaniwa naitupia lawama bahari. Njia ya kupiga simu ilikuwa wazi, na daftari la namba lilikuwa mkononi mwangu.

Marehemu alikuwa maamuma wa safu ya kwanza, fundi cherehani aliyeshona kanzu za nusu ya mtaa wetu. Alifariki baada ya Maghribi. Wafiwa walikaa, wakaamua azikwe Jumatatu baada ya Alasiri ili binti yake aliyekuwa Tanga apate kufika. Wakaniambia, "Katibu, tangaza." Kaka yake mkubwa, aliyehamia Morogoro miaka mingi iliyopita lakini akabaki katika kundi letu la msikiti, alipigiwa simu usiku uleule akaarifiwa msiba. Alipouliza saa ya maziko, aliambiwa asiwe na shaka, itatangazwa kwenye kundi. Nikaandika: Jumatatu, baada ya Swala ya Alasiri. Nikabonyeza kutuma. Pembeni mwa ujumbe ikatokea ile alama ya saa ndogo, nami nikaenda kulala nikijiona nimetimiza wajibu.

Alfajiri mambo yakabadilika. Ilikuwa masika, na vijana waliotoka makaburini walisema ardhi imelowa, maji yameanza kuchuruzika kutoka ubavuni mwa kaburi, na mawingu hayaleti matumaini. Binti naye alikuwa amekwisha kufika kwa basi la usiku. Wafiwa wakakubaliana jeneza lisaliwe baada ya Adhuhuri. Mwadhini akatangaza kwa kipaza sauti, na kila aliye karibu na msikiti akasikia. Kwa walio mbali, kijana wetu wa habari alitengeneza tangazo la picha, lenye mnara na ukingo wa kijani, juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa: LEO, BAADA YA ADHUHURI. Nilipendelea picha kwa kuwa watu huiamini kuliko maandishi matupu. Nikaituma. Nayo ikapata saa yake ndogo, chini ya ile ya kwanza ambayo ilikuwa bado haijaondoka.

Hapo ndipo nilipokosea. Niliziona jumbe mbili zimepangana kwenye foleni, la zamani juu na jipya chini, nikajisemea kwamba mtandao ukirudi zitatoka kwa mpangilio, na atakayesoma la kwanza atasoma la pili papo hapo. Foleni ya simu haifanani na foleni ya dukani. Maandishi ni mepesi, hupita kwenye upenyo mdogo wa mtandao. Picha ni nzito, yahitaji mtandao utulie kwa muda, na ukikatika katikati picha hubaki palepale ikisubiri, au ikungoje wewe mwenyewe uiguse tena ili ijaribu upya. Kiasi cha saa mbili asubuhi mtandao ulipata uhai wa dakika chache. Tangazo la zamani likaondoka. La kusahihisha likabaki.

Wakati huo mimi nilikuwa kwa wafiwa, tukitafuta turubai na viti. Simu ilikuwa mfukoni. Sikuitazama hadi tulipokwisha kuzika.

Mzee alifika saa tisa na robo, amevaa kanzu safi na koti, mkononi ana mfuko wa plastiki wenye udi na chupa ya marashi. Alikuta watu wamekaa chini ya turubai wanakula. Nilimwendea.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Jeneza liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Alinisoma usoni, akatoa simu yake, akaiweka mbali kidogo na macho kama wafanyavyo wazee, akanionyesha. "Hii namba si yako, Katibu?"

"Ni yangu, mzee."

"Na hii ni Alasiri?"

"Ni Alasiri."

"Basi mimi sikuchelewa."

Hakupandisha sauti. Laiti angenigombeza, ningejua namna ya kujibu. Tulikwenda naye makaburini, mimi, imamu na wapwa zake wawili. Mvua ilikuwa imeanza. Katika madhehebu yetu ya Kishafii aliyeikosa swala ya maiti anaweza kuisali kaburini, na imamu alimsogeza mbele akaswali, nasi nyuma yake. Wanafunzi wa dini tunaikumbuka hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim kuhusu mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume (S.A.W.), na baadhi ya riwaya zataja mwanamume. Alifariki, Maswahaba wakamzika bila ya kumwarifu Mtume. Alipouliza habari zake na kuambiwa, aliwauliza kwa nini hawakumjulisha, akataka aonyeshwe kaburi, akamsalia hapo. Chuoni tuliisoma hadithi hiyo katika mlango wa swala ya jeneza, tukabishana kuhusu hukumu yake. Siku ile, nikiwa nimesimama kwenye tope, nilisikia lile swali tu la kwa nini hakujulishwa.

Usiku, baada ya Isha, tukiwa bado kwa wafiwa, simu ya mzee ililia juu ya mkeka. Alikuwa ameketi hatua mbili kutoka nilipo. Aliitazama, kisha akaigeuza ielekee kwangu bila ya kusema neno. Mnara, ukingo wa kijani, LEO, BAADA YA ADHUHURI. Asubuhi ya Jumanne mama mmoja wa Mbagala akanipigia kuuliza ni nani tena aliyefariki, maana amefungua simu sasa hivi na kuona tuna maziko leo.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuzisoma alama ambazo kwa miaka mingi nilizipita tu. Nazieleza hapa kwa kuwa nimegundua hata watu wa kamati yetu, wenye simu za gharama kuliko yangu, hawakuwa wakizijua vizuri. Saa ndogo maana yake ujumbe haujatoka kwako. Uko ndani ya simu yako, umejipanga, unangoja mtandao. Tiki moja ya kijivu maana yake umeondoka na kupokewa na mitambo ya WhatsApp, ila simu ya mwenzako haijaupokea. Pengine imezimwa, pengine bando limekwisha. Utahifadhiwa huko hadi siku 30, na ukikosa kupokewa katika muda huo hufutwa. Tiki mbili maana yake umefika kwenye simu yake. Zikigeuka buluu, ameufungua, kama hakuizuia alama hiyo katika mipangilio yake. Katika kundi tiki mbili hungoja mpaka simu za wote ziupokee, ndiyo maana tangazo la msikiti laweza kukaa na tiki moja wiki nzima kwa sababu ya mtu mmoja aliyebadilisha laini.

Kati ya hatua hizi zote, ni ile ya saa ndogo tu ambapo ujumbe bado ni mali yako peke yako. Ukiufuta hapo hauendi popote, na hapana atakayejua kuwa uliuandika. Ukishapata tiki, unaweza kuufuta kwa kila mtu katika muda wa siku mbili na ushei, au kuurekebisha ndani ya dakika 15, lakini utaacha alama, na aliyekwisha kuusoma amekwisha kuusoma. Mimi nilikuwa na saa nzima, tangu Alfajiri hadi mtandao ulipopumua, ya kuliondoa tangazo la kwanza. Kidole kimoja kingetosha. Sikufanya hivyo kwa kuwa niliona kutuma la pili ndiyo kulifuta la kwanza.

Walimu wetu wa lugha ya Kiarabu walikuwa wakitusisitizia tofauti kati ya kutuma na kufikisha, kwamba hayo ni matendo mawili yenye mizizi miwili, na kwamba tabligh imejengwa juu ya kufika. Nilipata alama nzuri katika somo hilo. Hata hivyo, mke wangu aliponiuliza usiku ule kama nilimjulisha mzee, nilijibu, "Nilituma." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Salma, hukuulizwa kama ulituma."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwani nyumbani kwetu neno hilo lilikwisha kuleta ugomvi kabla. Nadhani si kwetu tu. Katika mashauri ya ndoa yanayoletwa mbele ya kamati, siku hizi si ajabu kusikia mume anasema nilimwandikia, mke anasema sikupata, na kila mmoja anamwona mwenzake mwongo, ilhali ujumbe ulikuwa umelala na saa yake ndogo, au na tiki moja, na hapana aliyeudanganya mwenzake. Dada mmoja alikaa siku tatu akiamini shemeji yake amemzuia kwenye simu kwa sababu ya tiki moja. Kumbe simu ya shemeji ilikuwa kwa fundi, imebadilishwa kioo. Dhana mbaya tumekatazwa tangu zamani, nayo simu imeipatia malisho mapya.

Sasa katika utumishi wangu nimebadilisha mambo kadhaa. Neno "leo" halimo tena katika matangazo ya msikiti wetu, wala "kesho", wala "hivi punde". Ujumbe uliokaa kwenye foleni haujui kwamba siku imepita, utasema "leo" hata ukifika keshokutwa. Naandika siku, tarehe na swala, na mstari wa mwisho naandika saa niliyoutunga. Panapotokea mabadiliko, kwanza nautafuta ujumbe wa zamani na kutazama alama yake, na kama bado una saa nauondoa kabla sijaandika herufi moja ya ule mpya. Picha yenye mnara bado twaitengeneza, kwa kuwa kijana wetu wa habari hupenda kazi yake nami sitaki kumvunja moyo, lakini hutoka baada ya maandishi.

Nilijaribu pia kutumia orodha ya matangazo, ile inayomwezesha mtu kupeleka ujumbe mmoja kwa watu hadi 256, kila mmoja akiupata peke yake. Ikanisumbua kwa namna nyingine, kwani asiyeihifadhi namba yako kwenye simu yake hapati kitu, na wazee wengi hawakuwa wameihifadhi yangu. Walinijua kwa sura na sauti, si kwa namba. Nimetumia Ijumaa tatu nikikaa mlangoni baada ya swala nikiwaomba simu zao niihifadhi mwenyewe. Mmoja aliniandika "Katibu Maziko", na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Lililo zito zaidi ni daftari. Katika kila msiba nawauliza wafiwa swali moja kabla ya kutangaza chochote: ni nani ambaye, akikosa, hamtajisamehe? Hutajwa watu watatu, wanne, aghalabu hawazidi saba. Hao nawapigia kwa sauti, na nikikosa kuwapata, nawapigia jirani zao. Mwenyekiti wetu aliona gharama za vocha katika hesabu za mwezi, akaniuliza. Nikamweleza. Akaagiza zipitishwe, kisha akanitazama na kusema kwamba marehemu babake, aliyekuwa katibu kabla yetu sote, alikuwa na baiskeli kwa kazi hiyohiyo.

Mzee wa Morogoro hakutoka kwenye kundi. Nilitarajia atoke. Mwezi uliopita tulifiwa na mwadhini wetu wa zamani, aliyekuwa rafiki yake wa ujana, na kabla sijafungua daftari yeye ndiye aliyenipigia.

"Katibu, tunazika saa ngapi?"

"Baada ya Adhuhuri, mzee wangu, Alhamisi."

"Una hakika?"

Nilikuwa nayo, au nilidhani ninayo. Nikamwomba anisubiri kwenye simu. Nikavuka barabara hadi kwa wafiwa, nikapiga hodi, nikamuuliza mtoto mkubwa wa marehemu, kisha nikairudisha simu sikioni. Mzee alikuwa bado yupo, namsikia anakohoa.