Tuulizie Lumeni, Wati Baadaye

Huku Ohio, ukichukua boksi la taa dukani, mbele kabisa utakuta lumeni, yaani kiasi cha mwanga unaotoka, pamoja na makadirio ya gharama ya umeme kwa mwaka. Wati zimeandikwa ubavuni au nyuma. Sheria ya Marekani imetaka hivyo tangu 2012, na tangu Agosti 2023 taa nyingi za kawaida za nyumbani haziuzwi kama hazifikishi lumeni 45 kwa kila wati. Glopu za waya hapo hazina pa kupita.

Nyumbani Kitanga, mkoani Kigoma, na hata Kasulu mjini, mazungumzo ya dukani ni mengine.

"Kijana, nipe taa ya wati sitini."

"Mzee wangu, ipo hii ya tisa."

"Tisa itamulika nini?"

Mzee ana hoja. Zamani glopu zote zilikuwa za waya, hivyo wati zikiongezeka, mwanga nao uliongezeka. LED zimevunja kanuni hiyo. Glopu ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi, na LED nzuri ya wati 9 hutoa kiasi hichohicho. Wati zinaonyesha taa inakula umeme kiasi gani. Nuru tunayoitaka hupimwa kwa lumeni.

Tupige hesabu ya LUKU. Glopu tatu za wati 60, zikiwaka saa tano kila siku, humaliza uniti 27 kwa mwezi. LED tatu za wati 9 humaliza uniti 4 tu. Mteja mdogo wa TANESCO hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi, hadi uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Glopu za waya, zikijumlishwa na matumizi mengine, zinaweza kumvusha.

Kwa jirani anayetumia sola, jambo hili ni zito zaidi, kwani betri yake haina uniti za kununua saa mbili usiku.

Ombi langu kwa wenye maduka wa Kasulu na Kibondo: bandikeni ukutani kwamba glopu ya 40 ni lumeni 450, ya 60 ni 800, ya 100 ni 1,600. Nawe mnunuzi, chagua lumeni zinazotosha chumba chako, kisha chukua taa yenye wati chache zaidi. Boksi lisilotaja lumeni, liache dukani.